Leja Haina Mwenyewe, Baraza Lina Mwenyewe

Kazi kubwa ya msimamizi wa kundi la sarafu za kidijitali ni kufuta. Hujanawa uso, unafuta. Kuna aliyevaa jina la kiongozi wa mradi, picha ileile, tahajia ileile isipokuwa herufi moja, anawafuata wanachama pembeni na kuwaambia pochi zao zina hitilafu, wamtumie yale maneno 12 ya siri awasaidie. Kuna roboti iliyoingia usiku ikitangaza kwamba ukituma sarafu moja utarudishiwa mbili. Kuna anayeuza siri ya kupata faida kila siku, na chini yake akaunti kadhaa zinamshukuru kwa kuwabadilishia maisha, zote zimefunguliwa wiki hiyohiyo.

Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka, mara nyingi bure, kwenye makundi ya Telegram na Discord. Naitaja mapema kwa sababu mazungumzo ya udhibiti katika ulimwengu wa kripto hutawaliwa na watu ambao hawajawahi kushika ufagio. Kwao kila kilichofutwa ni ukweli ulionyongwa. Matapeli nao wanalijua hilo. Sijapata kumtoa tapeli asiyelalamika kwamba ameonewa, kwamba tunaogopa ukweli, kwamba sarafu iliyobuniwa ili mtu yeyote asizuiwe imeangukia mikononi mwa madikteta. Neno "udhibiti" katika jamii hizi lina utakatifu wake, na anayewahi kulitamka huvaa kanzu ya shahidi hata kama alichofutiwa ni kiungo cha wizi.

Lakini kuna kufuta kwingine, na huko ndiko ugomvi wa kweli uliko. Niliuona kwanza nikiwa msomaji tu, wakati wa vita vya ukubwa wa bloku vya Bitcoin.

Kwa asiyevikumbuka: miamala ya Bitcoin hukusanywa katika bloku, na bloku moja hupatikana kila baada ya dakika 10 hivi. Mwaka 2010 Satoshi Nakamoto, mbunifu wa Bitcoin ambaye hajulikani ni nani, aliweka kikomo kwamba bloku isizidi megabaiti 1. Wakati huo hakikumuuma mtu, maana bloku nyingi zilikuwa karibu tupu. Watumiaji walipoongezeka hesabu ikajionyesha yenyewe: mtandao wa dunia nzima ungepitisha miamala kati ya 3 na 7 kwa sekunde, basi. Gavin Andresen, ambaye Satoshi alimwachia usukani wa programu alipotoweka, alipendekeza mwaka 2015 kikomo kipandishwe hadi megabaiti 8, kisha kiwe kinaongezeka maradufu kila miaka 2. Waandishi wengi wa programu kuu, Bitcoin Core, walipinga, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Bloku zikinenepa, mtu wa kawaida atashindwa kuendesha nodi, yaani kompyuta inayohakiki miamala yote, nyumbani kwake, ukaguzi utabaki kwa kampuni chache zenye mitambo, na sarafu isiyo na mwenyewe itakuwa imepata wenyewe.

Agosti 2015 Andresen na Mike Hearn wakatoa toleo jipya la programu yao, Bitcoin XT. Ndani yake kulikuwa na masharti ya kura: wachimbaji, yaani wanaotengeneza bloku kwa mitambo yao, wakitia alama ya kuiunga mkono katika bloku 750 kati ya 1,000 zilizotangulia, kikomo kipya kingeanza kufanya kazi, ila si kabla ya Januari 2016.

Mlango ukafungwa mwezi huohuo. Mjadala wa Bitcoin wakati ule ulikuwa na mabaraza mawili makubwa: jukwaa la bitcointalk, ambalo mizizi yake inamfikia Satoshi mwenyewe, na r/Bitcoin, ukumbi ndani ya tovuti ya mijadala ya Reddit. Juu ya yote mawili alikaa mtu mmoja, anayejulikana mtandaoni kwa jina la theymos. Akatangaza kanuni. Kwa kuwa XT inakusudia kubadili masharti ya mtandao bila makubaliano ya jumla, alisema, hiyo si Bitcoin tena, ni sarafu nyingine, na sarafu nyingine haina nafasi pale. Akaongeza kwamba kama asilimia 90 ya watumiaji hawawezi kuivumilia kanuni hiyo, basi anataka hao asilimia 90 waondoke.

Wengi walikasirishwa na ile asilimia 90. Mimi nilikwama kwenye sehemu ya kwanza na sijaiacha mpaka leo. Huruhusiwi kuzungumzia badiliko mpaka kuwe na makubaliano. Makubaliano yatatoka wapi, kama hayatoki kwenye mazungumzo? Bitcoin haina bunge, haina mwenyekiti, haina sanduku la kura. Kinachoitwa makubaliano ni watu kusoma, kubishana, kuchoka, kisha kila mmoja kuamua ataendesha programu gani kwenye kompyuta yake. Anayeshika baraza anashika sehemu kubwa ya mtambo wenyewe, ingawa hagusi hata mstari mmoja wa msimbo.

Tangu hapo naogopa kanuni moja kuliko zote katika makundi haya: ile inayosema mada ni nini. Mtu aliyefutiwa kwa matusi anaweza kurudi na lugha safi. Aliyefutiwa kwa kutangaza biashara anaweza kurudi bila tangazo. Aliyefungiwa mada yake hana lugha yoyote ya kurudi nayo. Na anayeiandika kanuni ya namna hiyo kwa kawaida hajioni mdhibiti hata kidogo. Anajiona anaweka utaratibu.

Nimtendee haki theymos, maana wengi hawamtendei. Ukisoma maandishi yake kwa utulivu unakuta mtu mwenye msimamo unaoshikana. Aliamini kwamba wingi wa kelele si kigezo cha ukweli wa kiufundi, kwamba kura za Reddit hununulika na akaunti bandia hutengenezwa kwa dakika, na kwamba baraza la Bitcoin halina wajibu wa kumtangazia mshindani. Mtu aliyewahi kusimamia kundi wakati wa mvua ya akaunti bandia anajua kwamba hofu hiyo ina msingi. Umati unaoletwa kwa makusudi unaweza kuuzamisha uzi wowote, na ukiwaacha wote waseme, wanaosikika ni wenye muda mwingi na aibu kidogo.

Tatizo lilikuwa pia katika namna ya kufuta. Reddit ina tabia moja ambayo watu wa nje hawaijui: msimamizi akiondoa maoni yako, wewe mwandishi unaendelea kuyaona mahali pake kama kawaida. Wenzako hawayaoni. Unaweza kukaa siku nzima ukishangaa kwa nini hakuna anayekujibu. Zaidi ya hapo, katika nyuzi zilizohusu ugomvi huo wasimamizi walibadilisha mpangilio ili maoni yenye utata yatangulie juu na yale yaliyopendwa na wengi yashuke chini. Kila kitu kilionekana kipo, ila kwa mpangilio ambao wasomaji hawakuuchagua. Watu walipogundua, hawakuamini tena hata ukimya wa kawaida. Mtu asipojibiwa tu, alidhani amefutwa. Shaka ya namna hiyo hujijenga yenyewe na hakuna tangazo linaloweza kuibomoa.

Kuna kejeli nyingine ambayo bado hunichekesha. Katika Reddit ya wakati ule, ukumbi ulikuwa chini ya aliyetangulia kufika, na wasimamizi walipangwa kwa ukongwe: wa juu aliweza kumwondoa wa chini yake, wa chini hakuweza kumgusa wa juu. Sarafu iliyobuniwa isiwe na mtawala ikawa inajadiliwa mahali ambapo cheo ni cha milele kwa aliyetangulia kubofya. Jina "Bitcoin" lilikuwa moja, na mgeni aliyelitafuta alifikia mlango uleule. Kwa hiyo lile jibu la "kama hupendi, fungua lako" lilikuwa la kweli nusu. Kufungua ni bure. Jina ndilo halikugawanyika.

Walifungua hata hivyo. Waliofukuzwa na waliojiondokea walikusanyika r/btc, ukumbi mwingine wa Reddit, na jambo la kwanza walilojivunia ni daftari la usimamizi lililo wazi: kila kilichoondolewa kiliorodheshwa, mtu yeyote akasome. Nilipaona kama pahali pa kupumua. Kwa miezi ya mwanzo palikuwa hivyo kweli.

Kisha nikaanza kuona jambo ambalo daftari halikuweza kulionyesha. Aliyekwenda pale na kutetea bloku ndogo hakufutwa. Alishushwa kwa kura. Maoni yenye kura hasi nyingi hukunjwa yasionekane mpaka uyabofye, na akaunti yenye sifa mbaya ndani ya ukumbi huanza kuzuiwa na Reddit isiandike mfululizo, ikisubirishwa dakika kadhaa kati ya jibu na jibu. Hebu jaribu kujibu watu ishirini wanaokushambulia kwa mwendo huo. Hakuna msimamizi aliyenyoosha kidole, hakuna kilichoingia daftarini, na bado mpinzani alinyamazishwa na halaiki. Wao walisema huo si udhibiti, ni maoni ya watu. Labda. Aliyekuwa akisubiri zamu yake ya kuandika hakuhisi tofauti.

Na ukimulika nyoka, anza miguuni pako. Tarehe 1 Agosti 2017 wafuasi wa bloku kubwa walijitenga na kuanzisha Bitcoin Cash yenye bloku za megabaiti 8. Tovuti ya bitcoin.com, iliyokuwa mikononi mwa Roger Ver, mmoja wa sauti kubwa zilizolaani udhibiti wa r/Bitcoin, mwaka 2018 ikawa inaiita Bitcoin Cash kwa jina la Bitcoin hasa, na wageni wengi walilalamika kwamba wamechanganywa wakanunua wasichokitafuta. Novemba mwaka huohuo Bitcoin Cash yenyewe ikapasuka vipande viwili, na tuhuma za nani kafutwa na nani kanyamazishwa zikaanza upya, safari hii kati ya watu waliokuwa wamekimbia pamoja.

Huwa naulizwa kama waliofunga mlango mwaka 2015 walishinda. Kwa hesabu za nje, ndiyo. XT haikukaribia kiwango chake. Hearn aliondoka Januari 2016, akauza sarafu zake zote na kuandika kwamba jaribio la Bitcoin limeshindwa, akitaja udhibiti wa mabaraza kama mojawapo ya sababu. Kikomo cha megabaiti 1 hakikupandishwa kwa njia aliyoitaka. Badala yake ukaja mpango wa SegWit, ulioanza kazi Agosti 2017 na kuongeza nafasi bila kuwalazimisha wote wabadili programu.

Ila usisahau upande wa pili nao ulikuwa na vyumba vyake. Mei 2017 kampuni 58 kutoka nchi 22, zikidai kuwa na zaidi ya asilimia 83 ya nguvu ya uchimbaji, zilitia saini makubaliano mjini New York ya kuleta SegWit pamoja na bloku zenye ukubwa mara mbili. Hawakumfuta mtu yeyote. Hawakumuuliza mtu yeyote pia. Mpango ukasitishwa tarehe 8 Novemba 2017 kwa sababu waendeshaji wa nodi na watumiaji waliukataa, na waanzilishi wake wenyewe wakakiri kwamba hawakujenga makubaliano ya kutosha. Kwa hiyo kulikuwa na kundi lililofuta mazungumzo na kundi lililoyaruka. Desemba mwaka huo, bei ilipokuwa kileleni, wastani wa ada ya muamala mmoja ulipita dola 50, na kila upande ukasema umethibitishwa.

Mimi si hakimu wa kuwapatanisha kuhusu megabaiti. Ninachokijua ni kwamba upande ulioshindwa haujakubali hata siku moja kwamba ulishindwa kwa hoja. Miaka imepita na bado ukiwagusa hawaanzi na kasi ya mtandao wala gharama za nodi. Wanaanza na picha za maoni yaliyofutwa.

Haya yote niliyabeba nilipokubali kusimamia kundi la mradi mmoja mdogo ambao sitautaja. Wasimamizi tulilipwa kwa sarafu ileile ya mradi, na kanuni ya kundi iliyotajwa mara nyingi kuliko zote ilikuwa "usieneze hofu". Kwa nje ni kanuni nzuri. Bei za sarafu changa hupeperushwa na uvumi, na wapo wanaotunga uvumi ili wanunue kwa bei ya chini. Lakini hofu haina kipimo. Swali la kweli na uongo wa makusudi hufika vikiwa na sura moja: "Mbona siwezi kutoa sarafu zangu?"

Usiku mmoja ukurasa wa kutolea sarafu ambazo watu walikuwa wamezifungia ili zizae ukafungwa. Palikuwa na maandishi mafupi kwamba kuna matengenezo, basi. Maswali yakaanza kumiminika. Katika chumba cha wasimamizi kiongozi wa mradi akaandika tufute yote mpaka atakapotoa taarifa rasmi. Nilibishana naye, na nakiri alikuwa mtu wa dhati. Alisema bei ikiporomoka kwa taharuki, watakaoumia ni haohao wanaouliza. Mimi nikataka tuache uzi mmoja uliobandikwa juu, kila mtu aruhusiwe kuandika mara moja kwa saa, tufute matusi na viungo tu, na tuandike wazi kwamba nasi hatujui bado. Wenzangu waligawanyika. Waliofuta walikuwa wepesi kuliko tuliobishana, na katika Telegram ujumbe uliofutwa na msimamizi hauachi hata alama. Orodha ya vitendo vya karibuni huonwa na wasimamizi peke yao, nayo hukaa saa 48 tu.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kabla ya jioni kulikuwa na kundi jingine lenye neno "ukweli" ndani ya jina lake, na mamia ya wanachama wetu walikuwa huko. Hakukuwa na msimamizi. Kila mtu alisema alichotaka, na miongoni mwa waliosema walikuwamo waliojiita maofisa wa kurejesha fedha. Waliweka fomu: jaza maneno ya siri ya pochi yako, utalipwa kwanza. Watu walijaza.

Ukurasa wa mradi ulifunguliwa tena baada ya siku chache. Kasoro ilikuwa kosa la kawaida la hesabu ya malipo, na kila aliyesubiri alipata chake. Mradi haukuwa na la kuficha hata punje. Waliopoteza ni wale waliokwenda kwenye kundi la pili, nao walikwenda huko kwa sababu walikuja kwetu kwanza na swali, swali likafutwa.

Sijawahi kuliona jambo hili likisemwa sana na wanaobishana kuhusu udhibiti. Mjadala wao ni wa haki na uhuru, mambo makubwa. Lakini kufuta malalamiko kuna mwelekeo wake wa kimwili, kama naweza kusema hivyo: husukuma watu wenye wasiwasi kutoka chumba chenye ufagio kwenda chumba kisicho nao, katika saa ambayo wanahitaji sana mtu wa kuwafukuzia matapeli. Niliacha kazi ile mwezi uliofuata. Suala la kulipwa kwa sarafu ninayoisimamia ndilo lililonisumbua kuliko yote. Kila swali lililobaki kundini lilikuwa linagusa mshahara wangu, na sikupenda kuwa na sababu hiyo nyuma ya kidole changu, hata nilipokuwa naamua sawa.

Wapo watakaosema dawa ni kuuweka mjadala wenyewe ndani ya mnyororo wa bloku, yaani leja ya pamoja ya miamala, usifutike. Hilo limejaribiwa. Steem ulikuwa mtandao wa kuandika na kulipwa ambapo machapisho yalikaa kwenye mnyororo. Februari 2020 Justin Sun, mwanzilishi wa mtandao wa Tron, aliinunua kampuni ya Steemit, iliyokuwa na akiba kubwa ya sarafu za Steem. Mashahidi waliochaguliwa na jamii, yaani waendeshaji wa mtandao, wakaizuia akiba hiyo isipige kura. Machi, masoko makubwa ya sarafu yakatumia sarafu za wateja wao kupiga kura ya kuwaondoa mashahidi hao, na baadaye yakajitoa kwa aibu. Jamii ikahamia mnyororo mpya, Hive, tarehe 20 Machi, ambako akiba ya Steemit haikunakiliwa, wala za baadhi ya waliomuunga mkono Sun. Mei, upande wa Steem ukajibu kwa kuchukua sarafu milioni 23.6 kutoka kwenye akaunti za wapinzani. Maandishi hayakufutwa. Mali ndiyo iliyofutwa, na pande zote mbili zilikuwa na maelezo mazuri ya kwa nini.

Nikiwaambia vijana wa kripto hadithi hiyo huona kama nawaharibia dini. Leja haifutiki, wanasema. Haifutiki mpaka wanaoiendesha wakubaliane kuendesha nyingine, na makubaliano hayo hufanyika kwenye makundi, kwa watu wanaoona baadhi ya ujumbe na wasioona mwingine. Mtandao wa Ethereum ulifanya hivyo Julai 2016 baada ya sarafu zake, etha milioni 3.6, kuchotwa kutoka The DAO, mfuko wa uwekezaji uliojengwa juu yake: wengi waliubadili mnyororo ili fedha zirudishwe, wachache wakakataa, na wakabaki na Ethereum Classic. Uamuzi ule ulijadiliwa hadharani na kwa kelele nyingi, na nadhani ndiyo sababu kidonda chake kimepona kwa haraka kuliko cha Bitcoin. Pande mbili zilitengana zikijua zinatofautiana wapi.

Mwaka 2025 Bitcoin ikarudi palepale. Safari hii ugomvi ulihusu data zisizo za malipo. Programu ya Core ilikuwa na kikomo cha kawaida cha baiti 80 hivi kwa data za aina moja, na ikapendekezwa kilegezwe. Upande wa pili, ukiwa karibu na Luke Dashjr anayetunza Knots, programu pinzani ya Core, ukasema huko ni kukaribisha takataka. Mabishano yalihamia mahali msimbo unapohifadhiwa, GitHub, na baadhi ya maoni yakafichwa na wachangiaji kadhaa wakazuiwa kuandika. Watunzaji walisema pale ni karakana, mahali pa kukagua msimbo, na kila mtu ana pengine pa kupigia kelele. Kwa hilo nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Nimeona kazi ya ukaguzi ikizikwa chini ya mamia ya maoni ya watu ambao hawajasoma mstari mmoja. Ila nilipoona neno "nje ya mada" likibandikwa nilijua kitakachofuata. Toleo la 30 lilipotoka Oktoba likiwa na badiliko hilo, nodi nyingi zilikuwa tayari zimehamia Knots, na kwa wengi niliowasoma sababu ya kwanza haikuwa baiti. Ilikuwa ni kuzuiwa kusema.

Kundi ninalosimamia sasa halina sarafu yake, na hakuna anayenilipa. Wanachama wanaruhusiwa kuuliza kuhusu programu yoyote pinzani, hata ile inayotaka kuua tunayoitumia. Kila kinachofutwa kinaandikwa kwenye chaneli ya pembeni ambayo mwanachama yeyote anaweza kuisoma: kanuni gani, msimamizi gani, saa ngapi. Mwenzangu mmoja, ambaye ni mkali kuliko mimi na mwenye uzoefu zaidi wa matapeli, hakubaliani na chaneli hiyo. Anasema matapeli huisoma kuliko wanachama, wakajifunza maneno gani yanawakamatisha, na ana ushahidi: walibadilisha tahajia wiki ileile tuliyoanza. Tumekubaliana ujumbe wa utapeli uandikwe "utapeli" bila maneno yake, na mengine yote yawekwe kamili. Yeye bado anaona tunawapa faida. Mimi naona hiyo ni bei ninayoweza kuilipa. Wiki jana tumelirudia suala hilo kwa saa nzima, tukaacha lilivyo, na kila mmoja akarudi kwenye zamu yake.